Gharama ya Kujaribu

Ubunifu ni kupata njia mpya ya kufanya jambo ambalo njia yake ya zamani imekwama, inachosha, au haijawahi kuwapo. Watu wengi huueleza kwa namna mbili. Wapo wanaosema ni kipaji cha wachache, na wapo wanaosema ni zao la shida: mtu akibanwa vya kutosha, atabuni. Kila upande una ukweli wake kidogo. Lakini shida huwapata wengi na wengi wao hawabuni chochote, na wenye vipaji wapo waliostaafu bila kuacha kazini hata kifaa kimoja kipya. Mwandishi wa makala haya, baada ya kupita kwenye kibanda cha fundi, darasani, kiwandani na mjini, ameishia kuamini kwamba jambo la kuangalia kwanza ni gharama ya kujaribu. Pale ambapo jaribio likishindwa halimpotezei mtu mtaji, heshima wala ajira, watu hujaribu; na wakijaribu mara nyingi, baadhi ya majaribio hufaulu.

Suala hili limeibuka upya Tanzania Bara kutokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, pamoja na mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024. Mitaala hiyo imeanzisha mkondo wa amali katika sekondari na imeutaja ubunifu miongoni mwa stadi ambazo mwanafunzi anatakiwa kujengewa. Walimu nao wanauliza swali la haki: jambo hili linafundishwaje, na linapewa alama kwa kigezo gani? Mwandishi, ambaye amekuwa akiitwa kuwa jaji katika maonesho ya shule, hakuwa na jibu la kitabuni. Alichokuwa nacho ni mambo aliyoyaona.

Kipindi cha kwanza ni cha miaka ya mwanzo ya 1980. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ilikuwa imeishiwa fedha za kigeni, na bidhaa za kawaida zikawa za kupanga foleni: sabuni, sukari, unga, khanga, betri za redio. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Mwaka uliofuata serikali ikalegeza masharti, na wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuingiza bidhaa. Kabla ya hapo kitu kidogo kikivunjika nyumbani kilibaki hivyo hivyo. Kimojawapo kilikuwa chemni, kile kioo cha taa ya mafuta. Taa yenyewe ni ya bati na hudumu miaka. Chemni ikiwa ya moto hupasuka kwa tone moja la maji, na madukani hazikuwapo.

Mwandishi alikulia Tanga, na akitoka shule alizoea kukaa kwenye kibanda cha baba yake mdogo, fundi bati. Kazi za pale zilikuwa koroboi, makarai, mifereji ya mvua na kuziba ndoo. Watu walipoanza kumletea taa zisizo na vioo, yule fundi akaanza kukata chupa. Alichagua chupa nyeupe za konyagi kwa sababu, tofauti na za soda na bia, hazikurudishwa kiwandani. Zilirundikana nyuma ya kilabu, na mwenye kilabu alishukuru kuondolewa takataka. Uzi wa pamba ulilowekwa kwenye mafuta ya taa, ukafungwa karibu na kitako cha chupa, ukawashwa kiberiti huku chupa ikizungushwa polepole mikononi. Moto ulipokaribia kuzimika, chupa ilitumbukizwa kwenye ndoo ya maji baridi. Mlio mkavu ulisikika, na kitako kikadondoka. Shingo ilikatwa vivyo hivyo, kisha kingo zote mbili zikasagwa juu ya jiwe mpaka zisimkate mtu.

Hayo ni maelezo ya chupa iliyofaulu. Nyingi hazikufaulu. Ufa ulianza vizuri, ukafika mahali fulani ukapinda na kupanda hadi katikati ya chupa, na vigae vikazidi kurundikana nyuma ya kibanda. Aliyeona tatizo hakuwa fundi bati bali jirani yake, mama mshonaji aliyekuja kudai ndoo yake. Alisimama akitazama chupa mbili zikiharibika, akasema, “Shemeji, fundo ndilo linalokuponza. Hapo mafuta yanajaa, moto unakuwa mkubwa upande mmoja. Zungusha uzi mara mbili, ncha uzisokote tu, usifunge.” Fundi akazungusha uzi mara mbili, akasokota ncha. Kuanzia siku hiyo chupa zilizopona zikawa nyingi kuliko zilizovunjika.

Kila nyumba mtaani ilikuwa na giza lile lile, na kila aliyeshindwa kupata chemni alikuwa na sababu ileile ya kubuni. Aliyebuni ni mtu mwenye vitu vitatu ambavyo wengine hawakuwa navyo: mikono iliyozoea kukata na kuunga, rundo la malighafi isiyo na bei, na kazi nyingine ya kumpa riziki wakati majaribio yakiharibika. Chupa ingekuwa ya kununuliwa, angeacha baada ya siku mbili. Jambo la pili ni kwamba ujuzi uliokosekana ulitoka kwenye fani nyingine kabisa. Mshonaji hakujua lolote kuhusu kioo, ila alijua tabia za uzi na fundo kuliko mwanaume yeyote wa mtaa ule. Jambo la tatu ni fundi kutokasirika kusahihishwa mbele ya watoto, na hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Isisahaulike pia kwamba zile chemni za konyagi zilikuwa duni. Hazikuwa na tumbo pana la chemni halisi, hivyo taa ilitoa moshi na kioo kikawa cheusi kabla ya saa tatu usiku. Bidhaa ziliporudi madukani, watu walinunua chemni halisi na chupa zikarudi jalalani. Ubunifu mwingi wa maisha ya kila siku ni wa kuvukia mto, na hauhitaji kusifiwa zaidi ya hapo.

Kipindi cha pili ni cha sekondari, katika mkoa huohuo. Mwalimu wa fizikia aliwasimulia wanafunzi kisa kilichotokea jirani tu, Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, mwaka 1963. Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aisikrimu pamoja na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuchanganya na sukari, kusubiri mchanganyiko upoe, ndipo uingizwe kwenye friji. Siku hiyo nafasi za kugandishia zilikuwa chache na watu wanagombania. Mwenzake aliingiza mchanganyiko ambao haukuchemshwa kabisa. Mpemba naye, akiogopa kukosa nafasi, akauingiza wa kwake ukiwa bado wa moto. Walipofungua baadaye, wa moto ulikuwa umeganda na wa mwenzake bado.

Alipomuuliza mwalimu wake, alijibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Aliendelea kulishikilia hadi likawa dhihaka: likitokea kosa lolote darasani, liliitwa fizikia ya Mpemba. Hata hivyo alikuwa na ushahidi wa nje ya darasa. Rafiki yake mmoja aliyekuwa akitengeneza na kuuza aisikrimu mjini Tanga alimwambia kwamba naye huingiza mchanganyiko ukiwa wa moto, kwa kuwa huganda upesi. Wauzaji walikuwa wakiitumia njia hiyo kazini kabla ya mtaalamu yeyote kuja kuiuliza.

Mpemba alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, shule ilitembelewa na Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiitwa University College. Baada ya mhadhara, Mpemba akasimama na kuuliza: ukiweka maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, ujazo sawa, kwenye friji, kwa nini yale ya nyuzi 100 hutangulia kuganda? Wenzake walicheka. Osborne alikiri baadaye kwamba hakuamini, lakini aliahidi kujaribu. Aliporudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto yametangulia kweli, ila wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Majibu yakawa yaleyale. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha matokeo katika jarida la Physics Education, wakati Mpemba akiwa mwanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori Mweka, na tangu hapo dunia hulitaja jambo hilo kwa jina lake.

Ni haki kuongeza kwamba ubishi haujaisha. Aristotle, Francis Bacon na Descartes waliwahi kuandika jambo linalofanana na hilo karne nyingi kabla, na mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walionesha kwamba mahali kipimajoto kinapowekwa ndani ya chombo panatosha kuleta tofauti ambayo wengine waliiona kuwa ya maji yenyewe. Kwa mada hii, mshindi wa ubishi huo hana umuhimu mkubwa. Cha kuangaliwa ni bei aliyolipa mwanafunzi ili swali lake lifike mahali pa kujaribiwa: miaka ya kuchekwa. Jaribio lenyewe lilihitaji friji na vikombe viwili vya maji. Bei kubwa ilikuwa ya uso, na wengi hawana uwezo wa kuilipa.

Mwalimu aliyekisimulia kisa hicho alikitumia kuanzisha mazoea. Dakika za mwisho za kipindi cha Ijumaa zilikuwa za maswali aliyoyaita ya jikoni. Hayakuandikwa daftarini, hayakuwa na alama, na aliyeuliza hakuulizwa ameyatoa wapi. Mmoja aliuliza kwa nini uji wa moto sahanini huanza kupoa pembeni, mpaka watoto wote wa nchi hii hujua kulia pembeni bila kufundishwa. Mwingine akataka kujua kwa nini chapati huvimba upande mmoja. Mwalimu hakuwa na majibu ya yote, na alisema hivyo. Baada ya muda wanafunzi waliozoea kunyamaza walianza kuuliza hata Jumatatu. Kisha mwalimu akahamishwa. Aliyekuja, mtu mwema na hodari wa kumaliza silabasi, aliziona dakika zile kuwa za kupoteza. Kabla ya muhula kuisha maswali yalikuwa yamekauka, ingawa wanafunzi ni walewale, wenye akili zilezile. Hakuna kitu kilichomwonesha mwandishi kwa uwazi zaidi jinsi ubunifu unavyotegemea mazingira kuliko vichwa.

Kipindi cha tatu ni cha ajira ya kwanza, miaka ya 1990, katika kiwanda cha sabuni za miche ambacho hakihitaji kutajwa. Sabuni ya mche hutengenezwa kwa kuchemsha mafuta na magadi makali, kumwaga uji wake kwenye fremu, kuuacha ugande, kisha kukata bonge kwa waya mwembamba uliokazwa. Nyaya za kukatia ziliagizwa nje. Ulipokatika wa mwisho kabla ya shehena kufika, kazi ilisimama, na wafanyakazi wa zamu wakakaa nje kwa mama lishe wakinywa chai. Hapo ndipo kijana mmoja wa kubeba fremu, aliyekuwa akitengeneza baiskeli nyumbani siku za Jumapili, aliposema kwamba waya wa breki ukifumuliwa hutoa nyuzi za chuma nyembamba na ngumu. Mhandisi wa zamu, aliyekuwa kwenye benchi lilelile, akamtuma dukani kwa fedha yake mwenyewe. Mchana huo sabuni ilikatwa. Uzi wa breki ulikatika upesi kuliko waya wa kiwandani, lakini uliuzwa kila kona, na kiwanda kiliendelea kuutumia hata baada ya shehena kuwasili.

Katika kiwanda hichohicho palikuwa na sanduku la maoni, la mbao, lenye kufuli, limetundikwa karibu na mlango wa utawala. Mama mmoja wa kitengo cha kufungasha alitumbukiza barua humo. Alikuwa ameona kwamba miche inayokatwa alfajiri hupata nyufa kuliko inayokatwa saa nne, kwa kuwa bonge limelala usiku kwenye baridi na limekakamaa. Akapendekeza zamu ya asubuhi ianze na kuchemsha, ukataji ufuate. Hakujibiwa. Aliposema kwa mdomo, kiongozi wake alimkumbusha kwamba ratiba hupangwa ofisini. Miche yenye nyufa iliendelea kurudishwa kwenye sufuria kuyeyushwa upya, kuni zikiteketea kwa kazi iliyokwisha kufanywa mara moja. Funguo za sanduku, ilikuja kujulikana, zilikuwa kwa ofisa aliyekwisha kuacha kazi.

Mawazo mawili, kiwanda kimoja, na hatima tofauti. La kwanza lilisemwa mbele ya mtu mwenye uwezo wa kulijaribu saa ileile kwa bei ya waya wa breki. La pili lilidai kubadili ratiba, yaani kumgusa mkubwa, na lilipitia njia isiyo na mtu mwishoni. Si kwamba masanduku ya maoni hayafai. Kampuni ya Toyota ya Japani ilianzisha mfumo wake wa kupokea mawazo ya wafanyakazi mwaka 1951 na umedumu, lakini kule aliyetoa wazo hupewa jibu, hata kama jibu ni hapana, na mawazo madogo sana hayadharauliwi. Anayetaka kujua kama ofisi inakuza ubunifu asisome mabango ukutani; aulize wazo la mwisho lililotoka kwa mtu wa chini lilijibiwa lini, na nani alijibu.

Kipindi cha nne kilihusu fedha. Mwandishi alipohamia Dar es Salaam, kutuma fedha kwa wazazi kulimaanisha bahasha kwa kondakta wa basi, au kumsubiri mtu anayesafiri, huku moyo ukidunda mpaka habari ya kupokelewa ifike. Simu za mkononi zilipoenea, watu waligundua njia ambayo hakuna kampuni iliyoitangaza. Mtu alinunua vocha ya kukwangua, akapiga simu kijijini, akamsomea mangi wa dukani namba za vocha. Mangi aliziuza kwa wateja wake na kumpa mzazi fedha taslimu, akijikatia kidogo kwa usumbufu. Vocha ilikuwa imegeuzwa fedha. Jambo likiharibika, kilichopotea ni thamani ya vocha moja ndogo. Kwa hiyo watu walianza na kidogo, wakamzoea mangi, ndipo wakapandisha kiasi.

Wakati huo huo Kenya kulikuwa na jaribio la aina nyingine. Safaricom, ikisaidiwa na Vodafone na fedha za idara ya maendeleo ya kimataifa ya serikali ya Uingereza, DFID, ilianza Oktoba 2005 kujaribu mfumo wa simu uliokusudiwa wakopaji wa taasisi ya Faulu, ili walipe marejesho bila kubeba noti. Wateja hawakufika 500, mawakala wanane, katika maeneo ya Nairobi na Thika. Watu hao wachache walianza kufanya mambo ambayo mfumo haukuyakusudia. Wapo waliomlipia mwenzao deni kisha wakadaiana wenyewe. Wafanyabiashara waliweka mauzo kwa wakala jioni na kuyachukua asubuhi, wasilale na fedha. Wengine walituma kwa jamaa. Waendeshaji wangeweza kuona hayo kuwa matumizi mabaya. Badala yake waliyasoma, wakaweka kando habari ya mikopo, na M-Pesa ikazinduliwa Machi 2007 ikiwa huduma ya kutuma fedha nyumbani. Tanzania iliipata mwaka 2008. Wahandisi walijenga mtambo, na sifa yao ni halali; lakini uamuzi wa mtambo utumike kwa lipi ulifanywa na watumiaji, pamoja na watu wa kampuni waliokubali kuachana na mpango waliouandika wenyewe. Mangi wa vocha hatajwi sana, ingawa biashara ya wakala anayekaa dukani, anayejuliana na wateja na kukata chake, alikuwa akiifanya tayari.

Sura nyingine ya ubunifu, ambayo shule huiogopa, ni kuiga. Mwandishi aliwahi kukaa jirani na Msasani na kupita mara kwa mara mbele ya wachoraji wa Tingatinga. Mtindo huo ulianzishwa na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora wanyama na ndege jijini Dar es Salaam kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mbao laini za dari. Vifaa hivyo vilikuwa vya bei ndogo kuliko turubai na rangi za wasanii wa shule. Aliuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, kazi yake ikiwa haijatimiza miaka mitano. Mtindo haukufa kwa sababu alikuwa ameruhusu jamaa zake wamwige.

Wageni hulalamika kwamba picha zinafanana. Kwa anayetazama kazi ikifanyika, kufanana huko kuna sababu. Kijana mgeni hupewa kwanza kupaka usuli wa rangi moja, kisha kujaza miili ya wanyama waliochorwa na mkubwa wake, kisha madoa ya chui, moja moja, kwa brashi ya nywele chache. Akiharibu, doa hufutwa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Anapofika kuchora twiga mzima, mkono umekwisha kuwa wake, na hapo ndipo baadhi huanza kutoka nje ya njia: soko, hospitali, daladala iliyojaa watu hadi mlangoni. Si wote wanaotoka. Wengi hubaki kwenye twiga kwa sababu twiga hununuliwa, na mwenye watoto wa kulisha hana budi kukubali hilo.

Jiko la mkaa lenye kauri ndani limepitia safari ya namna hiyo, nalo lingeweza kujaza makala peke yake. Jiko la bati tupu lilienea Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne iliyopita, likihusishwa na vibarua wa Kihindi wa reli. Miaka ya 1980 nchini Kenya, wataalamu na mafundi wa jua kali walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, wakaweka udongo wa kuchomwa ndani ya bati, wakalipa umbo la kiuno chembamba na kitako kipana lisipinduke mtu anaposonga ugali. Halikufungwa kwa hataza. Kila fundi aliyeweza kukata bati aliliiga, bei ikashuka kadiri mafundi walivyoongezeka, na mkaa unaotumika ukapungua kwa karibu theluthi au zaidi. Kuiga kulieneza jiko hilo kuliko semina yoyote. Kulileta pia majiko mabovu, yenye kauri inayopasuka mwezi wa kwanza, na wanunuzi wakajifunza kuligonga kwa kidole na kusikiliza kabla ya kulipa.

Hapo linakuja suala la haki ya mbunifu. Tanzania Bara hataza husajiliwa na BRELA, na ipo njia ya kikanda kupitia ARIPO yenye makao yake Harare. Sharti la msingi ni upya: uvumbuzi uliokwisha kujulikana kwa umma haukubaliki. Fundi wa mtaani kwa kawaida hutengeneza, huuza, huangalia wateja wamesema nini, hurekebisha, huuza tena. Akifika kwenye dirisha la usajili, kitu chake kimekwisha kuwa sokoni. Njia inayompunguzia gharama ya kujaribu ndiyo inayomwondolea haki ya kumiliki, na ushauri wa kwamba afiche mpaka asajili ni sawa na kumwambia aache kujaribu. Mwandishi haoni suluhisho rahisi hapa. Mashindano kama MAKISATU, yaliyoanza mwaka 2019 chini ya wizara yenye dhamana ya sayansi, angalau humfikisha fundi kwa wanaoweza kumshauri mapema.

Maonesho ya shule yaliyotajwa mwanzoni yanatoa picha ya namna nia njema inavyoweza kupandisha gharama bila kukusudia. Katika mojawapo, ukanda wa pwani, fomu ya majaji iliweka alama nyingi kwenye andiko la mradi na kwenye kile kilichoitwa kiwango cha teknolojia. Meza kadhaa zilikuwa na taa za barabarani za betri na katoni, za shule tofauti, zinazofanana hadi rangi ya katoni. Mwisho wa safu alikuwa msichana wa kidato cha pili na kichanja cha kuanikia dagaa: mabanzi, chandarua kilichochakaa kilichokazwa juu yake ili hewa ipite juu na chini, na miguu minne iliyosimamishwa ndani ya makopo ya maji yenye mafuta kidogo, sisimizi wasipande. Aliulizwa kwa nini mafuta. Akajibu kwamba maji matupu hukauka kabla ya saa nane, na kopo likikauka sisimizi hufika kabla ya mama yake. Andiko lake lilikuwa nusu ukurasa. Alipata nafasi ya karibu na mwisho.

Majaji walibishana baada ya matokeo, na fomu ikabadilishwa kwa maonesho yaliyofuata. Andiko lilipunguziwa alama, na likaongezwa swali moja la kuulizwa mezani: kabla ya hiki, ulijaribu nini kikashindikana? Walioleta kitu cha kuigwa bila kukielewa hukwama hapo mara moja. Wengine hupanda morali, huanza kueleza kamba iliyokatika, gundi iliyoyeyuka juani, kaka aliyekanyaga, na jaji hulazimika kuwakatisha. Lililobaki kuwa gumu ni muda. Swali hilo hula dakika nyingi kwa kila meza kuliko kusoma andiko, na siku ya maonesho ni moja. Baadhi ya wakuu wa shule wanataka idadi ya meza ipunguzwe kwa mchujo shuleni. Walimu wa amali wanapinga, wakisema mchujo wa shuleni utarudisha taa za barabarani, kwa kuwa ndizo zinazopendeza kwa mgeni rasmi. Pendekezo linalojadiliwa sasa ni kuwaita mafundi wa mtaani, wa bati, wa baiskeli na wa cherehani, wakae mezani pamoja na walimu kama majaji.